Je, Muziki ni Burudani Tu? Masikio ya Watu wa Tanga katika Mizani ya Imam Ghazali

 

Mas-ala ya muziki, kila yanapozuka Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga, huzuka kwa sura moja. Upande mmoja husema: muziki ni upuuzi, ni lahau, ni wakati unaopotea, kwa hiyo ni haramu. Upande wa pili hujibu: muziki ni burudani tu, haumdhuru mtu, watu wamechoka na kazi, waacheni wafurahi. Tangu miaka ya 1980, pale wito wa kurejea kwenye Sunna na kuacha bidaa ulipopata nguvu miongoni mwa vijana, maneno haya yamerudiwa misikitini na barazani mpaka kila mtu anayajua kwa moyo. Tumeyasikiliza kwa miaka mingi, nasi twaona kwamba pande hizi mbili zimekwisha kuafikiana katika jambo moja kubwa kabla hazijaanza kugombana. Zote mbili zachukulia kwamba muziki ni burudani na si zaidi. Mmoja aikataza burudani hiyo, mwingine airuhusu. Kuafikiana huku ndiko tunakotaka kukuhoji.

Na tuanze na mahali ambapo mafakihi wetu waliuweka muziki. Anayefungua Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki 676 A.H./1277), kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma kwa vizazi, akitafuta hukumu ya dufu na zumari, hataikuta katika mlango wa mashindano na michezo. Ataikuta katika Kitabu cha Ushahidi. Yaani swali lililomshughulisha fakihi lilikuwa hili: mtu huyu anayeimba, anayesikiliza, anayepiga, anayecheza, akija mbele ya kadhi kesho kusema "nimeona" au "nimesikia", je, neno lake lichukuliwe? Imam Shafi (aliyefariki 204 A.H./820) katika al-Umm aliupanga uimbaji miongoni mwa lahau yenye karaha inayofanana na batili, na akasema kwamba mtu aliyeufanya kuwa ndiyo kazi yake, akaendewa kwa ajili yake na akajulikana kwayo, ushahidi wake haukubaliwi. Hii si lugha ya burudani. Ni lugha ya tabia, ya uaminifu wa mtu na uzito wa neno lake. Mafakihi waliona kwamba kinachoingia katika sikio kinabaki ndani, kikamfanya mtu kuwa mtu wa namna fulani. Wangaliona kuwa muziki ni kitu chepesi cha kupitisha wakati, wasingeliusogeza karibu na meza ya kadhi.

Sasa tuiseme hukumu yenyewe bila kuipaka rangi, kwa kuwa tumechoka na wale wanaoipunguza kila wanapoalikwa harusini. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kama alivyoipanga Nawawi, kuimba bila ya ala na kusikiliza ni makuruhu. Ala za nyuzi kama udi na tanburi, matoazi, na zumari ya Kiiraki ni haramu. Ngoma iitwayo kuba, iliyo nyembamba kiunoni na pana ncha zote mbili, ni haramu. Dufu ni halali harusini na katika kutahiri, na kauli sahihi zaidi ni kuwa ni halali hata penginepo, hata likiwa na njuga. Kucheza si haramu maadamu hakuna kujikatakata kwa mtindo wa wanaume wanaojifanya wanawake. Ama filimbi ya mchungaji, hapo mashekhe wawili wa madhehebu wametofautiana: Rafii (aliyefariki 623 A.H./1226) aliona inafaa, na Nawawi akasema kauli sahihi zaidi ni kuwa haifai. Tofauti hii inazunguka kisa kimoja mashuhuri cha Ibn Umar (r.a.), aliyesikia filimbi ya mchungaji njiani akaziba masikio yake kwa vidole, akawa anamwuliza Nafii kila mara kama bado anaisikia, mpaka sauti ikapotea. Wenye kukataza husema: tazama, aliziba. Wenye kuruhusu husema: tazama, hakumwamuru Nafii azibe, wala hakumwendea mchungaji kumnyamazisha. Kisa ni kimoja na masikio ni ya watu wawili. Twamwomba msomaji akiweke kisa hiki akilini, kwani humo mna jibu la nusu ya tunayoyatafuta.

Kuhusu aya ya 6 ya Sura Luqman, inayowataja wanaonunua maneno ya upuuzi ili kupoteza watu na njia ya Mwenyezi Mungu, inajulikana kwamba Ibn Masud (r.a.) aliapa kuwa kilichokusudiwa ni nyimbo. Inajulikana pia kwamba Ibn Hazm (aliyefariki 456 A.H./1064) alijibu kuwa aya imefunga hukumu kwenye lile kusudio la kupoteza, hata mtu akinunua msahafu kwa kusudio hilo atakuwa amekufuru, na hapana mtu anayesema kwamba msahafu ndio wenye kosa. Ibn Hazm huyu huyu ndiye aliyeitia dosari sanadi ya hadithi ya ala za muziki iliyomo katika Sahih Bukhari, na wanahadithi baada yake, akiwemo Ibn Hajar al-Asqalani, wakaiunganisha sanadi hiyo na kumrudi. Mjadala huo ni mrefu, umeandikiwa vitabu vizima vya kukataza na vya kuruhusu, nasi hatukusudii kuurejea. Kinachotuhusu ni kuwa hata mwenye kukataza kwa aya hii hakatazi burudani. Anakataza kitu chenye nguvu ya kumvuta mtu akaiacha njia. Kitu kisichokuwa na nguvu hakihitaji kuteremshiwa aya.

Sasa twende kwa Imam Ghazali (450–505 A.H./1058–1111), ambaye kwa maoni yetu ndiye aliyelishika jambo hili mahali pake. Katika Ihya amelitengea kitabu kizima, cha adabu za kusikiliza na kupandwa na hali, na watu wengi wanaomtaja Ghazali katika mabishano ya Tanga wamesoma kurasa zake mbili tatu tu, zile zinazowafaa. Yeye hakuanza na ala wala hakuanza na mwimbaji. Alianza na sauti nzuri, akauliza kuna nini ndani yake, akajibu kwamba kuna siri katika kunasibiana kwa tuni zenye mizani na roho za viumbe. Ndiyo maana mtoto mchanga anayelia hunyamaza kwa bembea ya mama, na ngamia mwenye mzigo mzito huusahau mzigo wake kwa wimbo wa mwendeshaji. Hapo ndipo anaposimulia kisa cha mtu aliyekuwa mgeni wa kabila fulani jangwani, akamkuta mtumwa mweusi amefungwa pingu na ngamia wamekufa mbele ya hema. Mwenyeji akamweleza kwamba mtumwa huyo ana sauti nzuri mno. Aliwaimbia ngamia waliobeba mizigo mizito, wakaikata safari ya siku tatu kwa usiku mmoja, na mizigo ilipoteremshwa wakafa wote ila mmoja. Wengi hukisimulia kisa hiki kama sifa ya muziki. Sisi twaona kuwa ni onyo pia. Ngamia wale walisikia vizuri kabisa, na kusikia kwao kukawaua.

Kutokana na hapo Ghazali akawapanga wasikilizaji katika daraja. Wa kwanza ni yule anayesikia kwa maumbile tu, hana fungu ila ladha ya tuni, na ngamia ni mshirika wake katika daraja hii. Wa pili anasikia kwa kufahamu maneno, lakini anayateremsha juu ya kiumbe fulani anayemtamani, basi wimbo unakuwa chombo cha matamanio yake. Wa tatu anayateremsha maneno juu ya hali yake mwenyewe na Mola wake: akisikia habari ya kuachwa, anafikiri amemwacha nani, akisikia habari ya kurudi, anafikiri lini atarudi. Wa nne amevuka hali zote, na hatutathubutu kumwelezea kwa kuwa hatumjui. Na ameongeza neno kali kwa upande wa pili: asiyetikisika kabisa kwa sauti nzuri ana upungufu, na umbile lake ni zito kuliko la ngamia na la ndege. Kwa hiyo yule shekhe anayejisifu kwamba muziki haumwambii kitu, na anatoa hukumu juu yake kwa sababu hiyo, ajue kwamba Ghazali hakuhesabu hilo kuwa ni uchamungu.

Daraja hizi zina faida kubwa kwetu kwa sababu zinatupa swali bora zaidi kuliko lile la barazani. Nani anayeufahamu muziki vizuri zaidi? Wapo wanaosema ni fundi, anayeijua maqamu moja na nyingine na anayesikia nyuzi ikiwa imelegea kidogo. Wapo wanaosema ni mwenye machozi. Wapo wanaosema ni mwenye lugha. Na tuwapime kwa mambo ya Tanga yenyewe.

Mji wa Tanga, katika miaka ya mkonge, ulikuwa mji wa muziki kuliko miji mingi ya Tanganyika. Mapema katika karne ya 20 palikuwa na beni, na vyama vya ngoma vya Marini na Arinoti vikishindana. Baadaye zikaja bendi za dansi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Na ilikuwapo taarabu. Black Star Musical Club, kisha Lucky Star iliyotokana nayo, waliiondoa taarabu katika ule wingi wa fidla, udi na kanuni wa Unguja, wakaiweka juu ya gitaa, besi, kinanda na mapigo ya ngoma za kwetu, na maneno yakawa ya Kiswahili cha watu wa mtaani. Mtindo huo ulifuatwa Mombasa na Dar es Salaam. Mwimbaji wake mashuhuri, Shakila binti Said, alizaliwa Pangani na alifariki mwezi wa Agosti 2016. Mwaka 1989 nyimbo za vikundi hivi viwili zilitolewa katika santuri mjini London, zikanunuliwa na watu ambao hawajui neno moja la Kiswahili. Watu hao wameandika mengi ya kusifu sauti ile, na hatuna sababu ya kudhani kwamba wanaongopa. Kweli wametikisika. Lakini kwa mizani ya Ghazali wapo katika daraja ya kwanza, pamoja na ngamia, wala hilo si tusi, ni maelezo ya mahali walipo.

Ila tusifanye haraka ya kuwacheka. Maulidi ya Barzanji, aliyoyatunga Jaafar al-Barzanji wa Madina (aliyefariki 1177 A.H./1764), yanasomwa Tanga kila mwaka mbele ya maelfu ya watu, katika zawiya na madrasa na viwanja vya mitaa ya Ngamiani. Yanasomwa kwa Kiarabu fasaha chenye mizani, na sauti za wasomaji wetu ni nzuri. Ni wangapi katika wanaotikisa vichwa wanaojua kinachosemwa katika mlango wa tatu? Tukimwambia Mzungu wa London kwamba hakumsikia Shakila bali alisikia sauti yake, itatupasa tumwambie hivyo hivyo na jirani yetu aliyekesha maulidini. Tofauti ni kwamba jirani yetu ana nia ya kumpenda Mtume (s.a.w.), na nia hiyo ina malipo yake. Lakini nia si ufahamu, na wazee waliokuwa wakisoma maulidi na kuyafasiri kwa Kiswahili kipande kwa kipande walijua hivyo. Desturi hiyo ya kufasiri imepungua, na kwa maoni yetu hilo ni hasara kubwa kuliko dufu lolote lililowahi kupigwa msikitini.

Ama mwenye lugha, tumtafute katika taarabu. Hapana hadhira inayofahamu maneno kuliko wanawake wa pwani wanaosikiliza taarabu. Kila fumbo wanalifumbua. Mwimbaji akitaja jani, chombo au ndege, wao wanajua anasemwa nani. Mtu akiinuka kwenda kutunza, haendi kwa sababu ya tuni. Anakwenda kwa sababu ubeti umefika mahali anapotaka mtu fulani aliyekaa upande wa pili wa ukumbi ausikie. Huu ni ufahamu, tena ufahamu wa hali ya juu wa lugha, na wasomi wa ushairi wangefaidika wakikaa miguuni pa wanawake hawa. Lakini ni daraja ya pili hasa: neno limeshuka juu ya kiumbe. Tangu miaka ya 1990 iliposhika ile taarabu ya rusha roho, hata fumbo lenyewe limevuliwa nguo, mpasho umekuwa wazi, na hadhira haihitaji tena kufahamu chochote. Imeshuka kutoka daraja ya pili hadi ya kwanza. Na anayetaka kuona mwisho wa mteremko huu atazame baikoko, ngoma iliyotoka Tanga hii hii, ambamo neno halina kazi tena na kiuno ndicho kinachosema. Hapo hatuoni khitilafu yoyote ya wanavyuoni ya kujificha nyuma yake.

Lakini mbona basi tusiseme kwamba taarabu yote ni hivyo, tukafunga mlango? Kwa sababu si kweli. Wimbo wa "Macho Yanacheka" wa Shakila ni wa mtu anayeonyesha furaha usoni na moyoni ana kilio. Msikilizaji wa daraja ya pili ataufikisha kwa mpenzi aliyeondoka. Wa daraja ya tatu hatahitaji kubadili hata neno moja ili ajiulize juu ya nafsi yake, anayecheka na watu mchana na anayajua aliyoyatanguliza. Wimbo ni ule ule, kama filimbi ya mchungaji ilivyokuwa moja kwa Ibn Umar na kwa Nafii.

Na kuna wimbo mwingine ambao umetusumbua zaidi kama watu wa fiqhi. Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na wasifu wake uliandikwa na mtu wa Tanga, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Shaaban Robert ametuonyesha zaidi mwimbaji kuliko msikilizaji, na hiyo ndiyo kasoro tunayoiona katika kitabu hicho kizuri, lakini alifanya jambo ambalo hakuna shekhe wa zama zake aliyelifanya: alimpima mwimbaji kwa tabia yake, subira na heshima yake, kama mtu anayempima shahidi. Miongoni mwa nyimbo za Siti upo wa Kijiti, juu ya mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Kama kisa kinavyosimuliwa, muuaji alitoroka, na waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Basi turudi kwenye Kitabu cha Ushahidi. Imam Shafi amesema kwamba mwenye kuufanya uimbaji kuwa kazi yake, neno lake halichukuliwi mbele ya kadhi. Siti asingesikilizwa katika mahakama ya Kishafii, na hatuna shaka kwamba kanuni hiyo ina hekima yake. Lakini palipokuwa hapana mahakama iliyosikiliza, neno la yule asiyesikilizwa ndilo lililobaki, na mpaka leo mauaji yale yanajulikana kwa sababu yaliimbwa. Hatusemi kwamba wimbo ulihalalishwa na hilo. Twasema kwamba anayeuita wimbo huo burudani hakuusikia.

Kabla ya santuri, pwani ya Tanga ilikuwa na njia yake ya kuhifadhi ushahidi kwa sauti. Hemed bin Abdallah al-Buhry alitunga utenzi wa vita vya Wajerumani walipoitwaa Mrima, vita ambavyo Bushiri bin Salim alinyongwa kwavyo Pangani mwezi wa Desemba 1889. Alitunga pia Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemed, alikuwa kadhi wa Tanga na mwandishi wa vitabu vya mirathi na nikaha. Ni nyumba moja, ya fiqhi na ya utenzi, na hatujasikia kwamba baba na mwana walioneana haya. Utenzi haukutungwa usomwe kimya kwa macho. Ulitungwa uimbwe kwa mahadhi mbele ya watu waliokaa, na mahadhi ndiyo yaliyoubeba mpaka ukafika kwa wasiojua kusoma. Na hili ni la Uislamu wote. Zubad ya Ibn Raslan (aliyefariki 844 A.H./1441), ambayo ni fiqhi ya Kishafii iliyofungwa katika bahari ya rajaz, mwanafunzi anaihifadhi kwa kuiimba, na bila ya kuiimba haihifadhiki. Masahaba walichimba handaki la Madina mwaka wa 5 A.H. wakiimba rajaz, na Mtume (s.a.w.) akiimba pamoja nao. Mtu akituambia kwamba sauti yenye mizani haina kazi ila starehe, twamwomba atuonyeshe fundi aliyehifadhi Zubad kwa kunong'ona.

Yabaki suala la ala za nyuzi, ambalo hatutalikwepa. Ghazali mwenyewe amezikataza, na sababu alizozitaja ni tatu: zinaita kwenye ulevi, zinamkumbusha ulevi aliyeuacha karibuni, na kukutania juu yake ni alama ya mafasiki, na anayejifananisha na watu huhesabiwa nao. Kisha akatoa mfano ambao wengi wanaupita: kuvaa kaba ni haramu katika nchi ambayo kaba ni vazi la watu waovu, lakini katika nchi za ng'ambo ya mto Jayhun si haramu, kwa kuwa huko watu wema ndio wanaoivaa. Kwa hiyo ile sababu ya kujifananisha inafuata ada ya watu, inahama inapohama. Wapo waliojenga juu ya neno hili kwamba gambusi la harusini Pangani, penye sharubati na halua, si udi wa majlisi za ulevi za Baghdad. Hoja hii ina nguvu, wala hatumwiti mpotevu anayeishika. Lakini kauli tegemewa ya madhehebu haikuifuata, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974 A.H./1567) ameandika kitabu kizima cha kuzuia milango hii, na anayetaka kutumia mfano wa kaba hana budi autumie pande zote mbili. Gambusi likihamia baa, hukumu nayo imehamia huko. Na katika Tanga ya leo, kinanda kimoja na spika zile zile huwa baa siku ya Ijumaa na harusini siku ya Jumamosi.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno juu ya kaswida za siku hizi, kwa kuwa zimepata ulinzi ambao hazistahiki. Kwa vile jina la Mtume (s.a.w.) limo, hakuna anayethubutu kuzikosoa. Mapigo yamechukuliwa kutoka rusha roho bila hata kubadilishwa, sauti imepitishwa katika kompyuta mpaka haijulikani ni ya nani, ubeti mmoja unarudiwa mara arubaini, na picha zake ni za vijana wanaojitazama wenyewe. Kwa upande wa pili kuna ndugu zetu wanaokataza kila ala, na nashidi zao hazina ngoma, lakini zina midomo iliyofundishwa kutoa sauti ya ngoma, na mashine inayoikuza sauti hiyo mpaka masikio hayatofautishi. Wamekiacha kijiti na ngozi, wamekichukua kile ambacho kijiti na ngozi vilikatazwa kwa ajili yake. Wa kwanza na wa pili wamefika mahali pamoja kwa njia mbili: msikilizaji hana kazi ya kufanya. Al-Junayd (aliyefariki 298 A.H./910) alisema kwamba kusikiliza kunahitaji mambo matatu, wakati, mahali na wenzi, na mwishoni mwa umri wake akaacha kusikiliza. Alipoulizwa sababu akawa anajibu kwa maswali: pamoja na nani, na kutoka kwa nani? Inasimuliwa pia kwamba alikuwa anakaa katika majlisi za samaa bila kutikisika, na alipoulizwa akajibu kwa aya ya 88 ya Sura An-Naml, inayotaja milima inayodhaniwa imetulia nayo inakwenda mwendo wa mawingu. Wanaoruka sana katika zikri wangeifikiria aya hiyo. Tunalosema si kwamba kila anayetikisika ni mwongo, wala Ghazali hakusema hivyo. Ila fundi hatambuliwi kwa kelele zake, na msikilizaji vile vile.

Mfano mkubwa kuliko wote tulionao wa kusikiliza ni wa Mtume (s.a.w.) mwenyewe, naye hakuwa katika kundi lolote la barazani kwetu. Katika harusi ya Rubayyi binti Muawwidh (r.a.), vijana wa kike walikuwa wanapiga dufu na kuwaomboleza wazee wao waliouawa Badri. Mmoja akatia katika wimbo wake neno kwamba miongoni mwao yumo Nabii anayejua yatakayotokea kesho. Mtume (s.a.w.) akamwambia aliache hilo, aendelee na yale aliyokuwa akiyasema. Hakulivunja dufu, hakuwatoa watoto, wala hakuchukulia kuwa ni burudani tu ya wasichana isiyofaa kupimwa. Aliyasikia maneno, akalitoa moja lisilo kweli, lililokuwa la kumsifu yeye, akawaachia wimbo wao. Kila mhakiki wa kaswida angeanzia hapo.

Tumepata kuulizwa zaidi ya mara moja na wazazi wa Tanga juu ya harusi za watoto wao. La karibuni lilikuwa la baba anayekataa kuhudhuria nikaha ya bintiye kwa kuwa wakweze wataleta wapigaji wa matari yenye njuga, na mama mtu amekula kiapo kwamba bila ya matari hakuna harusi. Tulimjibu kwamba njuga za dufu zimeruhusiwa katika kauli sahihi zaidi ya madhehebu yake mwenyewe, na katika harusi hasa, hivyo hana udhuru wa kumwacha bintiye. Tukamwambia aende mapema, akae karibu na wapigaji na si karibu na mlango, ili ayasikie maneno. Akilisikia lisilo kweli, awaambie waliache waendelee na mengine. Ama usiku, ikiwa zitaletwa zile spika na wapiga kinanda wa Jumamosi, hilo hatukuulizwa, lakini baba huyo anaweza kuvaa viatu vyake akaenda zake, na hakuna atakayemlaumu kwa fiqhi.